Amana ya Mwana Dhaifu Anapobaleghe

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyewaumba waja Wake wakiwa na nguvu tofauti na akili tofauti ili awajaribu wenye nguvu kwa walio dhaifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Swahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Misikitini mwetu tunazungumza sana juu ya malezi ya mtoto. Tunazungumzia akika, jina zuri, kumuamrisha mtoto sala afikapo miaka 7, na kumtenga malalo afikapo miaka 10. Kisha tunaruka moja kwa moja hadi kwenye ndoa, kana kwamba kila mtoto akishabaleghe huwa amekwishakuwa mtu mzima anayejisimamia. Leo tunataka kumzungumzia yule ambaye kubaleghe kwake hakukumletea ukubwa. Ndevu zimeota, sauti imebadilika, kimo kimempita baba yake, lakini ukimpa noti ya shilingi elfu tano hajui arudishiwe kiasi gani. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine walipatwa na degedege la malaria au homa ya uti wa mgongo utotoni, ubongo ukadhurika. Wengine walikuwa wazima mpaka ujana, kisha maradhi ya akili yakawaanza.

Sisi tunaosomesha madrasa tunaulizwa na akina mama, kwa sauti ya chini, suala ambalo halifiki kwenye mimbari: Maalim, mwanangu huyu ametimia miaka kumi na minane, nikiondoka mimi, nani atamshika? Suala hili lina majibu katika dini yetu, tena majibu ya wazi na ya kina. Tatizo letu ni kwamba tumeyaacha vitabuni, na badala yake tumefuata mazoea ya namna mbili. Wako wanaosema kijana amebaleghe, basi ajitegemee, wakamwachia dunia imle. Na wako wanaosema hana akili, basi hana chochote, wakamnyang'anya mali, kauli na hata nafasi yake ya kukaa barazani. Sharia haiko pamoja na kundi lolote kati ya hayo mawili. Sharia inaupima usimamizi kwa kadiri ya udhaifu: kile asichokiweza anashikiwa, na kile anachokiweza anaachiwa mkononi mwake.

Kubaleghe ni jambo moja, rushdi ni jingine

Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 6, ametuamrisha kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa; na tukiona kwao rushdi, yaani uongofu wa kutumia mali, ndipo tuwakabidhi mali zao. Tazameni, ndugu zetu, namna aya ilivyoweka masharti mawili. Sharti la kwanza ni umri, na la pili ni rushdi. Umri peke yake haukutosha.

Alama za kubaleghe zinajulikana, na zisipodhihiri, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi na Hanbali wameweka miaka 15 ya mwezi mwandamo. Ama sheria za nchi zimechukua miaka 18: Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imekwenda hivyo hivyo. Umri huo ukitimia, kijana hupatiwa kitambulisho cha Taifa kwa jina lake na huhesabiwa kuwa mtu mzima anayejisainia mwenyewe. Wazazi wengi hawalitambui hilo mpaka wafike benki au hospitali, waambiwe kwamba saini ya baba haitoshi tena.

Lakini jee, aliyebaleghe bila ya rushdi hukumu yake ni ipi? Jamhuri ya wanavyuoni wamesema kwamba uwalii juu ya mali yake unaendelea vile vile, hata akizeeka, maadamu sababu ipo. Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu) amesema kwamba safihi, yaani mwenye kufuja mali, hukabidhiwa mali yake akifika miaka 25. Lakini hilo ni kwa mwenye akili timamu asiyejua kutumia, ama aliyepungukiwa na akili yenyewe hakabidhiwi kwa sababu ya miaka. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, yule ambaye amebaleghe akiwa katika hali hiyo anabaki chini ya walii yule yule aliyekuwa naye utotoni. Hakuna siku hata moja ambayo anakuwa hana mwenyewe.

Amri ya kumjaribu

Neno la kumjaribu mtoto lililomo katika aya hiyo tumelisahau mno. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachojulikana vyema na wanavyuoni wa mwambao wetu, kwamba kila mtoto hujaribiwa kwa mujibu wa hali yake. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza, kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa katika kilimo na katika kuwalipa vibarua. Mtoto wa fundi hujaribiwa katika ufundi wa nyumbani kwao. Tena jaribio halitoshi mara moja, bali hukaririwa mara mbili au zaidi, na wakati wake ni kabla ya kubaleghe.

Jee, ni wangapi miongoni mwetu wanaomjaribu mtoto dhaifu? Tunaona tu kwamba ni mzito wa kusema, tukamaliza hukumu hapo hapo. Hatujampeleka dukani na shilingi elfu mbili akanunue sukari nusu kilo tukaona analeta nini. Hatujamkabidhi kuku watano tukaona kama atawapa maji. Hatujamfundisha kumjua mtu anayemtumia ujumbe wa kumtaka atume pesa kwenye namba fulani, ilhali wizi huo wa simu unawapata hata wenye akili timamu. Kisha akifika miaka 18 tunasema hawezi. Ukweli ni kwamba hatujui anachoweza, kwa sababu jaribio tuliloamrishwa hatukulifanya.

Na mwenye kulifanya jaribio hilo hupata jibu lenye vipande. Atakuta kijana anaweza kununua mkate lakini hawezi kukodi nyumba. Anaweza kushika ufunguo wa banda la mbuzi lakini hawezi kushika namba ya siri ya simu yenye pesa. Basi anachoweza ni haki yake, na asichoweza ni amana ya walii. Wako maimamu waliojuzisha hata mauziano ya mtoto mwenye kupambanua mambo iwapo walii wake amempa idhini, na jambo hilo lina wasaa mkubwa kwa kijana wa namna hii.

Swahaba aliyekuwa akihadaiwa sokoni

Dalili iliyo bora kuliko zote katika mlango huu ni kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), na kikapokewa kwa upana zaidi na Abu Daawud na wengineo kutoka kwa Anas (r.a.). Katika mji wa Madina alikuwapo mtu ambaye fahamu yake ilikuwa na udhaifu. Wanavyuoni wametofautiana kama alikuwa ni Habbaan bin Munqidh au baba yake, na imepokewa kwamba aliwahi kupata jeraha la kichwa lililomwathiri hata ulimi wake. Mtu huyu alikuwa akipenda biashara, na kila akifanya biashara alikuwa akihadaiwa.

Jamaa zake wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumuomba amuwekee hajri, yaani amzuie asiuze wala asinunue. Mtume (s.a.w.) akamwita mwenyewe, akamkataza biashara. Yule mtu akasema kwamba hawezi kustahamili kuiacha. Hapo Mtume (s.a.w.) hakumkemea, wala hakuwaambia jamaa zake wamfungie ndani. Alimfundisha kwamba, ikiwa haachi kufanya biashara, basi kila anapouziana na mtu amwambie kuwa hakuna kuhadaana. Na imekuja katika riwaya nyingine kwamba alimpa khiyari ya siku tatu katika alichokinunua, akiridhika akichukue, na asiporidhika akirudishe.

Tuzingatie mambo yaliyomo katika kisa hiki. Jamaa walikuwa na nia njema, na Mtume (s.a.w.) aliwasikiliza. Lakini hakukata shauri kabla ya kumwita mwenye jambo lake na kumsikia. Na alipoona kwamba kumzuia kabisa kutamdhuru, alimpa kinga inayomwezesha kubaki sokoni pamoja na watu. Dunia ya leo imekuja kuzungumza maneno yanayoelekea huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika kifungu chake cha 12 mtu mwenye ulemavu apatiwe msaada wa kutumia haki zake, na awekewe kinga dhidi ya wenye kumtumia kwa maslahi yao. Sisi umma wa Muhammad (s.a.w.) tuna kisa hiki kwa zaidi ya karne 14. Itakuwa aibu wengine watutangulie katika kukitekeleza.

Nani ndiye walii wa mali?

Hapa, ndugu zetu, tunaomba masikio yenu yote, kwa sababu dhulma kubwa inapita katika mlango huu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, walii wa mali ya mtoto na ya asiye na akili ni baba yake, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeteuliwa na mmoja wao, kisha Kadhi. Basi. Ami hayumo. Kaka hayumo. Wengi huchanganya kwa kuwa ami na kaka huwa mawalii katika kuozesha, wakadhani kwamba mwenye kuozesha ndiye mwenye kushika mali. Hayo ni mawili tofauti. Ami anaweza kuwa mlezi mwema, na anaweza kuteuliwa na Kadhi au kwa wasia. Lakini kwa uami wake peke yake hana uwezo wa kisharia wa kuuza hata kiti cha mtoto wa ndugu yake.

Na mama jee? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mama si walii wa mali mwenyewe kwa mwenyewe, ijapokuwa Imam Istakhri miongoni mwa wanavyuoni wa Kishafi amesema kwamba anashika nafasi hiyo baada ya baba na babu. Lakini baba akimteua mama kuwa wasii, inasihi kwa kauli moja katika madhehebu, bali Imam Nawawi amesema kwamba mama wa watoto ni bora kuliko mwengine iwapo ametimiza masharti. Na Umar bin Khattab (r.a.) alimkabidhi binti yake Hafsa (r.a.) usimamizi wa wakfu wake. Basi mume anayejua kwamba mkewe ndiye anayemjua kijana huyu, dawa zake, hofu zake na chakula chake, kisha akafa bila ya kuandika mstari mmoja wa kumteua, amewaacha wote wawili kwenye mkono wa kila mwenye tamaa.

Mali yake ni yake

Tuchukue mfano. Mtu amefariki na kuacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mali yake baada ya kulipa madeni na kutimiza wasia imefika shilingi milioni 40. Mke anapata thumuni, yaani milioni 5. Zinabaki milioni 35. Kila mtoto wa kiume anapata milioni 14 na wa kike milioni 7. Sasa mmoja wa wale watoto wa kiume ni dhaifu wa akili. Fungu lake ni lipi? Ni milioni 14, bila ya kupungua hata senti. Mambo yanayomzuia mtu kurithi yametajwa na wanavyuoni, kama vile kumuua anayerithiwa na kutofautiana dini, na udhaifu wa akili haumo miongoni mwayo.

Lakini linalofanyika mitaani mwetu sote tunalijua. Kikao cha ukoo kinakaa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, na fungu la kijana yule linawekwa pamoja na la mkubwa kwa hoja kwamba yeye atakula kwa kaka yake. Baada ya miaka miwili nyumba imeuzwa, na kijana analala kwenye kibaraza. Tunawakumbusha wenye kufanya hayo kwamba Allah (s.w.) katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo amemueleza mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma kuwa anajaza moto tumboni mwake. Na tunawakumbusha pia kwamba hata sheria ya nchi haikumfanya msimamizi kuwa mmiliki. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo huko Bara, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe orodha kamili ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, kisha atoe hesabu kila inapotakiwa na mahakama. Na kwa ndugu zetu wa Zanzibar na Kenya, mlango wa Kadhi upo.

Sasa milioni 14 zitunzwe vipi? Katika aya ya 5 Allah (s.w.) ametukataza kuwapa wasio na rushdi mali, akatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuwaambie maneno mema. Wafasiri, akiwemo Imam Fakhruddin Razi, wamezingatia kwamba aya haikusema walishwe kutokana na mali ile, bali imesema walishwe ndani yake. Wakasema kwamba faida ya lafdhi hii ni kuwa mali izalishwe, wale katika faida yake, wasile mtaji. Basi walii mwenye kuogopa Mola wake atatafuta vyumba viwili vya kupangisha, au shamba la minazi, kijana ale kodi na mavuno, na asili ibaki. Ardhi na nyumba yake haiuzwi ila kwa haja ya lazima au kwa faida iliyo wazi. Na wasii hajiuzii mwenyewe mali hiyo. Walii tajiri ajizuie kuchukua ujira. Aliye masikini ale kwa kiasi cha wema kinachojulikana. Na mali ikitimiza masharti, zaka inatoka kwa mujibu wa jamhuri ya wanavyuoni, na walii ndiye mwenye kuitoa. Yote haya yaandikwe katika daftari, kwa tarehe, mbele ya mashahidi, kwani aya ya 6 imeamrisha ushahidi wakati wa kukabidhi.

Asiyekuwa na mali

Wengi wa vijana hawa hawana urithi wowote. Hao, ndugu zetu, nafaka yao haikatiki kwa kubaleghe. Mtoto aliyekwisha kubaleghe, akiwa masikini na hawezi kuchuma kwa sababu ya maradhi, kilema au udhaifu wa akili, nafaka yake ni wajibu kwa baba yake: chakula, mavazi, makazi na dawa. Baba akiwa hayupo, wajibu unapanda kwa babu mwenye uwezo, na akikosekana huyo mama naye ana wajibu wake. Hind bint Utba (r.a.) alipolalamika kwamba mumewe Abu Sufyan hampi yeye na mwanawe cha kutosha, Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachowatosha kwa wema. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Basi yule mume aliyemwacha mke kwa sababu amemzalia mtoto dhaifu, na akakata matumizi kwa kudai kwamba kijana sasa ni mkubwa, deni hilo liko shingoni mwake. Talaka huvunja ndoa, ama ubaba hauvunjiki.

Nafsi yake na heshima yake

Aliyeondokewa na akili kabisa, kalamu imenyanyuliwa juu yake, kama ilivyokuja katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Abu Daawud na wengineo. Hatapata dhambi kwa sala aliyoiacha. Lakini kunyanyuliwa kalamu ni kuondolewa mzigo, na hakuna maana ya kufukuzwa msikitini. Aliye mtulivu na mwenye kupambanua afundishwe Alhamdu, avishwe kanzu safi, asimame katika safu. Na tuache majina ya kumdhalilisha. Maneno mema yaliyoamrishwa katika aya ya 5 ni haki yake kama chakula.

Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mwanamke mmoja ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja kwake. Mtume (s.a.w.) alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake, akasimama naye njiani mpaka akamaliza. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe wanaomngoja, amesimama njiani kumsikiliza mwanamke ambaye leo watoto wetu wangemzomea.

Ama ndoa, walii atazame maslahi ya mwenyewe aliye dhaifu kabla ya kutazama kupunguza mzigo nyumbani. Na asifiche hali yake kwa upande wa pili, kwani wazimu ni miongoni mwa aibu zinazompa mwenza khiyari ya kuvunja ndoa, na kuificha ni udanganyifu.

Kabla hatujafa

Katika aya ya 9 Allah (s.w.) amewataka wenye kuogopa kuacha nyuma yao watoto dhaifu wamche Yeye na waseme kauli iliyo sawa. Kauli iliyo sawa kwa mzazi wa kijana huyu ni kuandika. Aandike jina la wasii na wa pili wake endapo wa kwanza atafariki, ashuhudishe waadilifu wawili, na nakala moja aiweke kwa imamu au mtu mwaminifu. Aandike pia kile ambacho mahakama haikijui: dawa anayokunywa na saa zake, chakula anachokikataa, kelele inayomtisha, mtu anayemtuliza. Na awaandae ndugu zake wakiwa hai, wazoee kukaa naye, wasije wakakutana na amana siku ya msiba.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kumuongezea mtoto huyu kitu. Wasia hauendi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Ama zawadi katika uhai, asili yake ni usawa baina ya watoto, kwa hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Lakini Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameeleza katika Al-Mughni kwamba inajuzu kumhusisha mmoja kwa sababu ya haja, kama vile kilema cha kudumu au upofu. Mwenye uwezo pia aweke wakfu chumba au shamba, mapato yake yaende kwa mtoto huyo muda wa uhai wake, kisha yaende kwa masikini. Afanye hivyo mapema, akiwa na siha, awaeleze wanawe wengine sababu, wala asiwafiche, ili kisiote kinyongo.

Na liko jukumu letu sisi jamaa wa msikiti. Wanavyuoni wamesema kwamba pale asipopatikana Kadhi, waadilifu miongoni mwa Waislamu wa mji husimama mahali pake katika mambo haya. Maana yake ni kwamba kijana asiyekuwa na baba, babu, wasii wala Kadhi, walii wake ni sisi. Kila msikiti uteue watu watatu wenye dini na wanaojua hesabu, wawe na daftari: nani katika mtaa wetu ni dhaifu, nani anamshika, mali yake iko wapi, na mara ya mwisho kutazamwa ilikuwa lini. Watatu hao waingie nyumbani, wasiulize mlangoni tu, kwa sababu wanaofungiwa vyumba vya nyuma hawaonekani kutoka mlangoni. Watakapokuta dhulma, wamnasihi mwenye kuifanya. Asiposikia, wampeleke kwa Kadhi au mahakamani. Na watakapokuta mama aliyechoka, wampe mtu wa kukaa na kijana huyo hata siku moja katika wiki, apate kulala na kuhudhuria darsa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye nguvu huweza kujitetea mbele yetu hapa duniani. Mwana dhaifu hawezi, na kwa hivyo mwenye kumtetea Siku ya Kiyama atakuwa ni Mola wake.

Ewe Mola wetu, tusamehe upungufu wetu kwa walio dhaifu miongoni mwetu. Wape subira na malipo mema wazazi wanaowalea usiku na mchana. Utupe mioyo ya kushika amana na mikono isiyogusa isichokuwa na haki nacho. Na uwajaalie vijana wetu hawa wawe sababu ya sisi kuingia katika rehema Yako. Aamin.